Tunguu na Ngomeni: Ardhi Iliyobeba Setilaiti

Tarehe 20 Februari 1962 chombo cha Friendship 7, Mmarekani John Glenn akiwa ndani yake, kilikata anga la Afrika kwa kasi ya kilomita zipatazo 28,000 kwa saa. Kilisikika kwanza Visiwa vya Kanari, kisha Kano kaskazini mwa Nigeria, halafu Tunguu, kijiji cha kisiwani Unguja kilicho mashariki ya mji wa Zanzibar. Kwa dakika chache mafundi wa Tunguu walizungumza naye kwa redio, wakatazama mapigo ya moyo wake na shinikizo la damu, vipimo vilivyoshuka kutoka angani kwa mawimbi. Glenn alivuta kamba ya mpira kama mazoezi, ili daktari wa kituo aone moyo wa binadamu unavyofanya kazi mahali ambapo mwili hauhisi uzito. Baadaye sauti yake ikafifia upande wa mashariki, akapokelewa na meli iliyokuwa ikimsubiri katika Bahari ya Hindi.

Historia ya setilaiti huwa inasimuliwa kama historia ya mambo ya juu: Sputnik ya Wasovieti mwaka 1957, setilaiti za simu za miaka ya 1960, Landsat iliyoanza kupiga picha za ardhi mwaka 1972, kisha GPS. Lakini kilichoko juu hakina faida mpaka awepo mtu chini wa kukirusha, kukisikiliza na kukisoma. Ukiitazama historia hii kutoka chini, pwani ya Waswahili inajitokeza mapema kuliko wengi wanavyodhani, na inajitokeza si kwa bahati. Jambo ninalotaka kulitetea hapa ni hili: faida iliyobaki kwetu kutokana na enzi hii haikupimwa kwa idadi ya roketi zilizopaa kutoka kwenye maji yetu, wala kwa thamani ya mahali tulipo kwenye ramani. Ilipimwa kwa mikataba, na kwa jambo moja hasa ndani ya mikataba hiyo, yaani nani alipewa kazi ya kushika mitambo na kuzisoma data. Ndiyo maana vituo vilivyopata sifa ndogo vikatuachia mengi, na vile vyenye sifa kubwa vikatuachia kidogo.

Kwanza tuone mahali penyewe palikuwa na thamani gani. Chombo kinachozunguka dunia kwa kimo cha kilomita mia mbili au tatu huonekana kutoka sehemu moja kwa dakika chache tu, kisha kinazama chini ya upeo wa macho. Anayetaka kukifuatilia hana budi kuwa na mlolongo wa vituo duniani kote, na njia ya vyombo vya Mercury, mradi wa Marekani uliomrusha Glenn, vilivyorushwa kutoka Florida ilipita katikati ya Afrika. Hiyo ndiyo iliyowaleta Wamarekani Tunguu. Faida ya pili ni ya ikweta yenyewe. Dunia inapojizungusha, ardhi ya ikweta hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo hupewa kasi hiyo bila kuchoma hata tone moja la mafuta. Tena, roketi iliyorushwa kutoka mbali na ikweta haiwezi kuiweka setilaiti katika obiti inayofuata mstari wa ikweta mpaka ipinde njia ikiwa angani, na kupinda huko hula mafuta mengi kupita kiasi. Ukiwa na pwani iliyo karibu na ikweta, na bahari tupu upande wa mashariki ambako vipande vya roketi vitaangukia pasipo watu, basi una mali. Wafaransa waliifuata mali ya aina hiyo Kourou, huko Guyana ya Kifaransa. Waitaliano waliifuata kwetu.

Kituo cha Tunguu kilijengwa kwa mapatano ya mwaka 1960 kati ya Uingereza na Marekani, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza. Wazanzibari hawakuulizwa. Upinzani ulizuka mara moja, hasa kutoka chama cha ZNP, ambacho katibu wake mkuu wakati huo alikuwa Abdulrahman Babu. Waandamanaji walidai kwamba kituo hicho ni cha kivita, na kwamba kinaiweka Unguja katika hatari ya kushambuliwa siku mataifa makubwa yatakapopigana. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wengi wa kituoni waliondolewa kwa meli ya kivita, na mwezi Aprili mwaka huo serikali ya Abeid Amani Karume ikataka kituo kifungwe. Mitambo iling'olewa na kazi ikahamia Madagaska. Huko nako kituo kilidumu hadi 1975, serikali mpya ya kimapinduzi ilipokifunga.

Wapo wanaoitaja habari hii kama mfano wa ujinga ulioshinda sayansi, kwa hoja kwamba Tunguu hapakuwa na kombora hata moja, na kwamba kazi ya kituo ilikuwa kusikiliza na kuzungumza tu. Kuhusu mitambo yenyewe, hoja hiyo ni sahihi. Kuhusu hofu ya watu, si sahihi. Roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilikuwa ni kombora la masafa marefu lililotengenezwa kubeba bomu la nyuklia, kisha likarekebishwa libebe mtu. Mkataba uliandikwa na mataifa mawili ya mbali, juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuwa mezani. Katika hali hiyo mtu mwenye akili timamu alikuwa na kila sababu ya kutilia shaka. Nami naona kosa la msingi lilikuwa katika muundo wa mradi, kabla hata ya mapinduzi: kituo kilikuja kama kisanduku kilichofungwa na kikaondoka vivyo hivyo. Laiti kundi la vijana wa Unguja lingefundishwa tangu mwanzo kuendesha antena na kusoma vipimo, pangekuwa na watu wa kukieleza kituo kwa lugha ya mitaani, na hata kama kingefungwa, ujuzi ungebaki kisiwani. Dunia ilipata kumbukumbu za moyo wa Glenn. Tunguu haikubakiwa na ujuzi wowote.

Safari ya Ngomeni ilikuwa tofauti, nayo inahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ni moja ya sura za ajabu kabisa katika historia ya anga za juu. Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Roma, alikuwa na wazo la kurusha roketi kutoka baharini, karibu kabisa na ikweta. Alipata kibali cha Kenya, na katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, yakasimamishwa majukwaa ya chuma kilomita chache kutoka kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia. La Santa Rita, ambalo awali lilikuwa mtambo wa kutafutia mafuta chini ya bahari, likawa la kuongozea. Nyaya zilipita kati yao chini ya maji. Roketi zilikuwa za Kimarekani, aina ya Scout, na kikosi cha kurusha kilikuwa cha Waitaliano. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka hapo, na kufikia Machi 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka maji ya Kenya, baadhi za Italia, nyingine za Marekani, na moja, Ariel 5, ya Uingereza.

Kilichokuwemo ndani ya setilaiti za San Marco kinastahili kutazamwa kwa karibu. Broglio alitaka kujua uzito wa hewa katika kimo cha kilomita mia kadhaa, mahali ambapo hewa ni nyepesi mno kiasi kwamba hakuna chombo cha kawaida kinachoweza kuihisi. Akabuni setilaiti ndani ya setilaiti: gamba jepesi la nje lililounganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ile hafifu iliposugua gamba, gamba lilirudi nyuma kidogo sana kuliko kiini, na mpishano huo mdogo ulipimwa pande zote tatu. Matokeo yake yana maana hata leo, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayozivuta setilaiti chini kidogo kidogo mpaka zianguke, na anayetaka kukadiria setilaiti itadumu muda gani lazima ajue hewa hiyo inavyopanuka jua linapochachamaa. Kifaa rahisi, wazo safi, na mahali sahihi pa kulipima: juu ya ikweta, ambako angahewa la juu lina tabia zake.

Kisha ikaja setilaiti iliyoleta jina letu katika vitabu vya astronomia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, kilirushwa kutoka San Marco chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa Marekani, alikipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Obiti ya ikweta ndiyo iliyokuwa siri ya mafanikio yake, kwani ilikiepusha na eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mionzi hushuka chini na kuvuruga vipokezi. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, ikawasaidia wanasayansi kukitambua Cygnus X-1 kama mahali panapoelekea kuwa na shimo jeusi, na kazi hiyo ikachangia Riccardo Giacconi kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hakuna pwani nyingine ya Afrika inayoweza kudai hayo.

Sasa tuulize swali gumu: miaka ile ikiwa ya kazi kubwa kiasi hicho, Kenya ilibaki na nini? Ajira za ulinzi, udereva, upishi na matengenezo zilikuwepo, na si za kubezwa katika kijiji kama Ngomeni. Kodi ya pango ilikuwepo. Lakini roketi ziliundwa Marekani, setilaiti ziliundwa Roma na Marekani, na data zilikwenda huko huko. Jina la setilaiti lilikuwa la Kiswahili, wasomaji wa data hawakuwa Waswahili. Viongozi na wakazi wa Malindi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba manufaa hayalingani na thamani ya mahali, na nadhani malalamiko hayo yana msingi, ingawa mara nyingi yanaelekezwa kwenye fedha za pango kuliko kwenye jambo lililo zito zaidi.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Kenya ya mwaka 1967 haikuwa na wahandisi, kwa hiyo isingeweza kudai zaidi. Jibu hilo linaonekana la busara mpaka ulilinganishe na jambo lililotokea katika Bonde la Ufa miaka mitatu tu baadaye. Mwaka 1970, karibu na mlima Longonot, kilifunguliwa kituo cha ardhini cha mawasiliano kilichoiunganisha Afrika Mashariki na setilaiti za Intelsat zilizosimama juu ya Bahari ya Hindi kwa kimo cha kilomita zipatazo 36,000, pale ambapo setilaiti huzunguka sawasawa na dunia na kuonekana kama imetulia. Kabla ya hapo simu ya kwenda Ulaya ilitegemea redio ya masafa mafupi, ambayo usikivu wake ulibadilika kwa saa na kwa majira. Longonot kilimilikiwa na kampuni ya mawasiliano ya nje ya Afrika Mashariki, ambamo Posta na Simu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa mbia, na kazi yake haikuwa ya kupita: ilibidi antena ile kubwa ihudumiwe mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na walioihudumia wakawa mafundi wa hapa hapa. Baadaye Tanzania ikajenga kituo chake Mwenge, Dar es Salaam, na Uganda ikajenga chake Mpoma. Intelsat yenyewe iliendeshwa kwa mtindo wa ushirika, ambamo nchi iliyojiunga ilikuwa na hisa. Hakuna aliyeandika vitabu vya sifa juu ya Longonot kama vilivyoandikwa juu ya Uhuru. Lakini kizazi cha mafundi kilichojifunza masafa, vikuza mawimbi na upangaji wa antena kilitoka kwenye vituo vya namna hiyo, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 zilikuta watu wenye ujuzi wa mawasiliano ya kimataifa. Nchi ile ile, miaka ile ile, uhaba ule ule wa wahandisi. Tofauti ilikuwa katika masharti.

Upande wa kuitazama dunia kutoka juu unathibitisha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Mwaka 1975, chini ya mwavuli wa Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kilianzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, kinachojulikana leo kama RCMRD, chenye makao yake Kasarani. Hakijawahi kurusha kitu chochote. Kazi yake imekuwa kufundisha maafisa wa ardhi, misitu, maji na kilimo kutoka nchi wanachama namna ya kusoma picha za setilaiti za wengine. Ni kazi ya darasani, ya kompyuta na ramani, isiyo na moshi wala kishindo. Picha za Landsat zilipotolewa bure kwa dunia nzima kuanzia 2008, waliofaidika mara moja ni wale waliokwisha kujua kuzisoma.

Mfano wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, unaonyesha mlolongo huu unavyofika hadi kwa mfugaji. Januari 2010 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na washirika wao walianzisha huko bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Chombo hupima mwanga mwekundu na miale ya infraredi inayorudishwa na ardhi. Jani bichi hunyonya ule wa kwanza na kurudisha ya pili, kwa hiyo kutokana na tofauti hiyo hupatikana kipimo cha ukijani wa malisho. Kipimo cha msimu hulinganishwa na cha miaka iliyopita ya eneo lile lile, na kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mwenye bima analipwa bila afisa kwenda kuhesabu mizoga. Ukame mkali wa 2011 ulipopiga, malipo yakatolewa. Kasoro ipo, na ni ya kweli: setilaiti huona kijani bila kujua kijani cha nini, na kichaka cha mathenge kinaweza kuonekana kizuri kutoka juu ilhali ng'ombe wanakufa njaa chini yake. Lakini kasoro hiyo haiondolewi kwa setilaiti ya gharama zaidi pekee. Inaondolewa na watu wanaoijua ardhi ya Marsabit na wanaojua pia kile namba zinachosema, wakakaa na wafugaji kuamua kiwango kiwe wapi. Hapo ndipo thamani inapozaliwa, na hapo ndipo nchi inapoweza kuwa na mkono wake.

Kuna pingamizi jingine linalotolewa siku hizi, kwamba mjadala wa mahali umepitwa na wakati. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuitazama dunia, ilirushwa Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, kwa roketi ya SpaceX, huku maji ya Ungwana yakiwa yamekaa bila kurusha setilaiti tangu 1988. Kama Kenya yenyewe inakwenda California, ikweta ina faida gani? Hapa lazima tutofautishe obiti. Setilaiti za picha hupendelea kuzunguka kwa kupita karibu na ncha za dunia, ili zipite juu ya kila nchi saa ile ile ya mchana, na kwa obiti hiyo msukumo wa ikweta hausaidii chochote. Setilaiti za mawasiliano zinazosimama juu ya ikweta, na zile za utafiti zinazohitaji obiti kama ya Uhuru, bado zinaufaidi. Kwa hiyo wanaoota kuifufua Ngomeni kama bandari ya roketi hawaoti jambo lisilowezekana. Soko lao tu ni dogo kuliko wanavyolinadi. Hata hivyo mahali pale hapakuacha kufanya kazi. Kituo cha ardhini cha Malindi, ambacho sasa kina jina la Broglio, kimekuwa kikipokea data za setilaiti za utafiti kama Swift ya Marekani, iliyorushwa 2004, na AGILE ya Italia, iliyofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2024, kwa sababu vyombo vilivyo katika obiti za karibu na ikweta hupita juu yake mara nyingi kwa siku. Data za Swift hushukia Malindi, kisha hupelekwa Pennsylvania zikasomwe.

Wanaotetea uhusiano na Italia watasema umezaa matunda, na mfano wao bora ni 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, mchemraba wa sentimita 10 kila upande uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa chuo kile kile cha Roma alichofundisha Broglio, na kuachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018. Wana haki ya kujivunia. Lakini tunda hilo lilipatikana miaka 51 baada ya San Marco 2, na lilipatikana pale wanafunzi na wahadhiri walipoingizwa maabara. Ni ushahidi kwamba jambo hilo liliwezekana, na vilevile ni kipimo cha muda uliopotea. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliotiwa saini 2016 unagusa mafunzo na matumizi ya data pamoja na ardhi. Kwa hiyo wabunge, waandishi wa habari na watu wa Kilifi, kaunti iliko Ngomeni, wanaotaka kuupima wasianzie kwenye kodi ya pango. Waulize ni Wakenya wangapi wanaokaa zamu kwenye mitambo ya Malindi, wangapi wana ruhusa ya kuzifungua data zinaposhuka badala ya kuzipitisha tu, na ni chuo gani cha pwani kinachopokea nakala.